Magugu kwenye mawaridi: kitambaa, matandazo na maswali ya wapanda maua wa Tabora

Maswali haya huulizwa kitaluni karibu kila wiki, na mengi yanarudi kila mwaka mvua zinapokaribia. Majibu yameandikwa kwa ajili ya bustani za hapa: udongo wa kichanga, mvua ya msimu mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili, kiangazi kirefu chenye vumbi, na mchwa. Mtu wa Lushoto au Njombe atakuta mambo mengine hayamhusu.

Kwa kifupi, nitumie kitambaa cha kuzuia magugu au matandazo?

Kwenye tuta lenyewe la waridi, tumia matandazo, yaani nyasi, majani au maganda ya kufunika udongo. Kitambaa kiweke kwenye njia za kupita, chini ya kokoto, na kwenye ukingo unaopakana na ukoka wa jirani. Huko kinafanya kazi nzuri sana.

Sababu ya kwanza ni udongo. Sehemu kubwa ya mji wetu na vijiji vya Uyui ni kichanga. Maji hupita haraka, mbolea huoshwa na mvua, na mboji ni kidogo mno. Waridi ni mlaji mkubwa, halichoki kula. Nyasi na majani yakioza juu ya tuta, minyoo na mvua huyashusha polepole hadi kwenye mizizi, na mwaka baada ya mwaka kichanga kinaanza kushika maji. Ukitandika kitambaa, yale majani yanaozea juu yake na mizizi inabaki chini yake, havikutani. Udongo uliofunikwa kwa miaka kadhaa bila kulishwa hushikana na kupoteza uhai, hasa ukikanyagwa.

Sababu ya pili ni vumbi. Kuanzia Julai upepo unabeba vumbi jingi na kulilaza juu ya kila kitu. Kwenye kitambaa linakaa. Likichanganyika na majani yaliyosagika linakuwa tabaka la udongo, na mvua ya kwanza ya Novemba inaotesha mbegu humo humo juu. Mizizi yake inapenya kwenye nyuzi, ukivuta gugu unainua kitambaa. Hapo una magugu, una kitambaa kilichochanika, na kazi imekuwa mbili.

Hicho kitambaa ni nini hasa? Ni ile nailoni nyeusi?

Hapana. Nailoni nyeusi haipitishi maji wala hewa, na juani inapika udongo ulio chini yake. Isitumike kuzunguka waridi lililokwisha pandwa.

Kitambaa cha magugu hutengenezwa kwa nyuzi za polipropilini. Kuna kilichofumwa, ambacho ukikitazama kwa karibu unaona nyuzi zikipishana kama za kiroba, na kuna kilichogandamizwa, ambacho ni laini zaidi. Vyote viwili hupitisha maji kiasi na kuzuia mwanga, na gugu lisilopata mwanga hatimaye hufa njaa. Cha kufumwa ni kigumu, kinafaa njiani. Uliza uzito wake: cha gramu 90 kwenda juu kwa mita ya mraba ndicho cha kununua. Chepesi kinachoonyesha vidole ukikishika juani hakina maana, kwa kuwa mwanga unaopita hapo unatosha magugu. Uliza pia kama kimewekewa kinga ya jua. Bila kinga hiyo kitaanza kuvunjika vipande vipande ndani ya muda mfupi, na vile vipande hutaweza kuviokota vyote.

Viroba vya unga au mifuko ya salfeti ikichanwa na kutandazwa haitoshi?

Ni nyuzi za aina ile ile, lakini mifuko haikutengenezwa ikae juani. Katika jua letu inageuka kuwa nyuzi nyuzi haraka, na nyuzi hizo zinazunguka jembe, zinaingia kwenye mboji, kuku wanazimeza. Mifuko hiyo ibebee samadi tu. Ukiwa huna budi, itumie njiani chini ya kokoto nene ambako jua haliifikii, na mvua zikiisha uitazame.

Na maboksi?

Mahali pengine duniani maboksi ya karatasi ngumu chini ya matandazo ni njia nzuri kabisa: huzuia mwanga kwa miezi michache kisha huoza. Hapa mchwa huyala. Ukiyatandika Juni, huenda yakaisha kabla magugu hayajafa. Yatumie kuanzia Desemba ardhi ikiwa imelowa vizuri, uyaloweke kwanza, ubandue selotepu na pini zote, kisha uyafunike mara moja. Kwa msimu mmoja wa mvua yanasaidia.

Nitandaze nini? Sina pesa ya kununua vitu vya dukani.

Tabora huhitaji kununua kitu. Labda utalipa bajaji ya kubebea.

Majani ya mwembe ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Mji huu umejaa miembe tangu enzi za misafara ya Ujiji na Bagamoyo, na kila asubuhi watu wanayafagia na kuyachoma. Inaniuma kila ninapouona moshi ule. Jani la mwembe ni gumu, linachelewa kuoza, halina mbegu za magugu. Kasoro yake ni kwamba likiwa zima linalala bapa na kupanga tabaka linalomwaga maji pembeni, kwa hiyo lipondeponde kwanza. Yaweke kwenye kiroba ukiwa umeyakausha, uyakanyage au uyapige kwa fimbo, kisha umwage kwenye tuta.

Pumba ngumu za mpunga, yaani yale maganda yanayobaki mashineni, ni nzuri pia. Zina silika nyingi, yale madini magumu ya kwenye mchanga, ndiyo maana haziozi upesi. Zinapeperuka zikiwa kavu, basi zimwagie maji mara tu ukishazitandaza, na juu yake weka majani kidogo ya kuzikandamiza.

Maganda ya karanga ni mepesi, yanapendeza kwa rangi, na yanaoza na kuacha udongo mzuri. Yachambue kwanza. Karanga zilizobaki ndani huita panya.

Nyasi za kuezekea zinafaa, lakini zilizokatwa Juni zinakuja na mbegu zake. Zipigepige juu ya turubai kabla ya kuzipeleka bustanini, na mbegu zilizodondoka uzitupe mbali. Afadhali zaidi nyasi zilizokatwa Februari au Machi kabla hazijatoa masuke, zikanyaushwa juani siku kadhaa.

Mabua ya mahindi yakatekate vipande vya urefu wa kiganja, la sivyo tuta litaonekana kama kiota cha korongo na mwanga utapita katikati.

Maranda ya seremala yana jibu lake hapo chini, na mabua ya tumbaku pia.

Maranda na vumbi la mbao si yanakula mbolea ya udongo?

Yakichanganywa na udongo, ndiyo. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, na kwenye mbao haipo ya kutosha, basi vinaichukua kwenye udongo na waridi linabaki na majani ya njano. Yakikaa juu tu bila kufukiwa, upungufu unatokea kwenye tabaka jembamba la juu, na mizizi iliyo chini haiguswi sana. Kwa kweli upungufu huo wa juu unazinyima chakula hata mbegu za magugu.

Kwa usalama tandaza kwanza samadi iliyoiva, unene wa sentimita 2 au 3, ndipo uweke maranda juu yake. Chagua maranda, yale makunjo yanayotoka kwenye randa, uache vumbi laini la msumeno. Vumbi hugandamana, na maji ya mvua yanateleza juu yake. Maranda yaliyotoka kwenye banda la kuku yarundike kwanza yaoze miezi kadhaa. Mabichi yanaunguza mizizi.

Nina mabua mengi ya tumbaku shambani. Yanafaa?

Kwa waridi peke yake yanafaa yakikatwakatwa, na yana potasiamu nyingi. Wasiwasi wangu ni nyanya, bilinganya na pilipili, ambazo watu wengi hapa hupanda kando ya maua. Kirusi cha batobato cha tumbaku hukaa kwenye masalia makavu kwa muda mrefu, na mimea hiyo ni jamaa wa tumbaku, inakipokea. Mizizi ya tumbaku nayo inaweza kuja na minyoo fundo, vijinyoo vinavyovimbisha mizizi. Si bure wakulima wa tumbaku huhimizwa kung'oa na kuharibu masalia baada ya mavuno. Kama una bustani ya mboga ndani ya uzio huo huo, yaache.

Unene uwe kiasi gani?

Sentimita 5 hadi 8 baada ya kutulia. Nyasi na majani hushuka karibu nusu, kwa hiyo unapoweka, weka sentimita 12 hivi. Chini ya 5 magugu yanapita, zaidi ya 10 mvua ndogo zinaishia kwenye matandazo bila kufika ardhini.

Kwa hesabu ya ndoo: mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita 7 inahitaji lita 70, yaani ndoo tatu na nusu za lita 20. Tuta la mita 3 kwa 1 litakula ndoo kumi na moja hivi.

Shina lenyewe liache wazi. Acha duara la kiganja kizima, sentimita 10 hivi, bila chochote. Matandazo yakiegemea shina, gome linalowa muda wote, linaoza, na mchwa wanapata kivuli cha kulitafuna bila kuonekana. Nikipita kwenye bustani ya mtu, hilo ndilo ninalotazama kwanza.

Nitandaze lini?

Hapa watu wengi wanakosea kwa haraka tu. Wanatandaza Oktoba ili "mvua ikute tayari", na mvua ikija inakuta ardhi kavu imefunikwa. Manyunyu ya kwanza yanaishia juu, waridi linabaki na kiu, na ndago wanachungulia katikati ya nyasi.

Fanya hivi. Subiri mvua za kwanza za Novemba ziloweshe udongo hadi kina cha kiganja. Baada ya wiki moja au mbili, kila mbegu iliyokuwa juu juu itachipua: mchicha pori, kishona nguo, mbigili, nyasi za kila aina. Ziache zitoke. Zikiwa na majani mawili au matatu, chagua asubuhi yenye jua, uparue kwa jembe dogo bila kwenda chini zaidi ya sentimita 2 au 3. Ukichimba zaidi unapandisha mbegu nyingine zilizolala chini, na unakata mizizi ya waridi, ambayo mingi ya kulia chakula iko karibu na juu. Magugu uliyoparua yatanyauka kufikia mchana. Jioni weka samadi, siku ya pili tandaza. Palizi za msimu mzima zinapungua kwa kazi ya asubuhi hiyo moja.

Mara ya pili ni Aprili, kabla mvua hazijakatika. Wakati huo lengo ni kufungia unyevu udongoni kwa ajili ya miezi mitano au sita ya ukavu. Ongeza matandazo juu ya yale ya zamani udongo ukiwa bado umelowa. Ukisubiri Juni unafunika vumbi.

Ndago wanatoboa kila kitu. Nifanye nini?

Ndago ndio mtihani. Chini ya kila shina kuna viazi vidogo vimeungana kwa nyuzi, kimoja kikikatika kinaota peke yake, na ncha yake ni kali kiasi cha kutoboa hata nailoni nyeusi. Matandazo ya majani hayamzuii. Kitambaa kizito kilichofumwa kinambana zaidi, lakini naye atatafuta tundu la shina la waridi na kutokea hapo hapo, mahali pagumu kuliko pote kumng'oa.

Kwa tuta jipya lililo tupu, usipande waridi kabla hujamshughulikia. Kiangazi ni rafiki yako. Agosti na Septemba lima kina cha sentimita 20 hadi 30, geuza mabonge, acha jua liyakaushe. Viazi vya ndago havivumilii kukauka, na vilivyo juu vitakufa. Rudia kugeuza kila baada ya wiki mbili, ukiokota unavyoviona. Usimwagilie hata tone mahali hapo.

Kwa tuta lenye mawaridi tayari, kazi ni uvumilivu. Mng'oe akiwa mdogo, kabla ya jani la tano au la sita, kwa sababu akishafikia hapo anaanza kutengeneza viazi vipya. Tumia kijiti au uma wa bustani udongo ukiwa umelowa, utoe na kiazi chake. Pita mara moja kwa wiki wakati wa mvua bila kuruka. Matandazo laini yanasaidia kwa njia nyingine: udongo ulio chini yake unakuwa laini, na ndago anatoka mzima badala ya kukatikia shingoni. Msimu wa kwanza utachoka. Wa pili utaona tofauti.

Usitupe ndago kwenye shimo la mboji. Wakaushe juu ya bati mpaka wavunjike mkononi.

Ukoka wa uani unaingia kwenye tuta kila siku.

Ukoka unatambaa kwa juu na kwa chini, sangari nayo zaidi kwa chini, kwa hiyo dawa yake ni mpaka. Chimba mfereji mwembamba kuzunguka tuta, kina cha sentimita 20, upana wa jembe. Hapa ndipo kitambaa kinapostahili bei yake: kisimamishe wima ndani ya mfereji kama ukuta, kibaki sentimita chache juu ya ardhi, ukifukie na upange matofali au mawe ya kukishikilia. Kagua ukingo huo kila wiki mbili na ukate vidole vinavyojaribu kupanda juu. Ukoka ulio ndani tayari uchimbue na vipingili vyake vyote, maana kila pingili ni mche mpya.

Matandazo hayataleta mchwa?

Swali hili peke yake lingejaza ukurasa. Tunaishi kwenye nchi ya miyombo, na mchwa walikuwepo kabla ya bustani. Watakuja kwenye nyasi kavu, hilo lisikushangaze.

Lakini tazama wanakula nini. Mchwa wengi wanapenda kitu kilichokufa: nyasi, majani, mti mkavu. Waridi lenye afya na maji ya kutosha si chakula wanachokichagua kwanza. Wanalishambulia likiwa na kiu, au likiwa na kisiki kilichokufa kwenye shina ambacho wanaanzia hapo na kuendelea, au kukiwa hakuna kingine cha kula. Tuta lisilo na kitu Septemba, na waridi limesimama peke yake na kiu yake, mara nyingi huumia zaidi kuliko lenye majani yanayooza pembeni.

Kwa hiyo: shina liwe wazi kama nilivyosema. Matawi makavu yakatwe hadi kwenye kijani. Mwagilia vizuri kiangazi. Kuanzia Juni, mara moja kwa wiki inua matandazo kwa uma mahali pawili au patatu kila tuta. Ukiona njia za udongo zinazoelekea shinani, zivunje, loanisha, sogeza matandazo mbali zaidi. Matandazo yaliyokwisha kuanza kuoza na yenye unyevu hayawavuti kama nyasi mpya kavu, kwa hiyo kiangazi ongeza kidogo kidogo, usimwage rundo zima. Mahali walipozidi kabisa, tumia pumba za mpunga au kokoto karibu na mashina na majani uyaweke katikati ya mistari.

Oili chafu ya gari usimwage. Wengi wanaimwaga kuzunguka maua na nguzo za uzio. Inaua udongo kwa miaka, inaua minyoo, na ikishuka na mvua inakwenda kisimani.

Na hili ni tatizo jingine la kitambaa hapa kwetu: mchwa hawakili, lakini chini yake ni giza na kuna unyevu, wanajenga njia zao kwa raha na wewe huwaoni. Unakuja kugundua waridi limenyauka, ukilivuta linatoka bila mizizi.

Nimeshaweka kitambaa kwenye tuta zima. Nikitoe?

Kama mawaridi yanaendelea vizuri, huna haja ya kukiondoa leo. Panua matundu ya mashina yafike kipenyo cha sentimita 40 au 50, weka samadi na matandazo ndani ya matundu hayo, na ufagie vumbi juu ya kitambaa kabla ya Novemba. Kama majani yamepauka na maua yamekuwa madogo mwaka hadi mwaka, kitoe mwanzoni mwa mvua. Kikate vipande, usikivute kwa nguvu, kwa sababu mizizi ya waridi huenda imepanda na kushikana nacho.

Nataka kukitandika njiani. Kuna utaratibu?

Toa magugu yote ya kudumu, sawazisha ardhi, ondoa mawe makali na visiki. Tandika kikiwa kimenyooka. Vipande vipishane sentimita 15 au zaidi, kwa sababu sentimita 5 za kupishana zitaachana mara tu watu wakianza kupita. Fukia kingo kwenye mfereji wa sentimita 10. Kwa pini, mwombe fundi wa kuchomelea akukunjie waya mgumu umbo la U wenye miguu ya sentimita 20. Zile fupi zinazouzwa pamoja na kitambaa hazishiki kwenye kichanga. Kingo ulizokata zipitishie kisu kilichopashwa moto ili nyuzi zisifumuke. Juu yake weka kokoto sentimita 5, na kila mwaka kabla ya mvua fagia vumbi na majani.

Kokoto kwenye tuta la waridi lenyewe je? Zinapendeza.

Zinapendeza, na mchwa hawazili. Lakini Oktoba, mwezi wetu wa joto kali, mawe yanashika jua mchana kutwa na kulitema usiku, na waridi halipendi kupikwa miguu. Hazilishi udongo. Na ukizichoka, kuzitoa kwenye kichanga ni adhabu. Njiani sawa.

Nikishatandaza, mbolea na maji nayawekaje?

Sogeza matandazo pembeni kwa mkono, weka samadi au mbolea kuzunguka kivuli cha matawi na si shinani, changanya kidogo na udongo wa juu, mwagilia, rudisha. Mbolea ya chumvichumvi ukiimwaga juu ya nyasi kavu sehemu yake inapotea bure.

Maji ya kiangazi yaweke chini, taratibu, mpaka yafike. Waridi kubwa linataka lita 20 hivi kwa wiki, na kwenye kichanga afadhali uzigawe mara mbili au tatu. Kunyunyiza juu juu kila jioni kunalowesha matandazo tu. Chomeka kidole: kama sentimita 5 chini ya matandazo ni pakavu, bado hujamwagilia. Maji ya Ziwa Victoria yametufikia, lakini bili inatufikia pia, na tuta lililofunikwa linahitaji maji machache kuliko lililo wazi.

Ni kweli matandazo yanasaidia dhidi ya doa jeusi?

Kwa kiasi. Vimelea vya doa jeusi vinakaa kwenye majani ya waridi yaliyoanguka, na tone la mvua linapopiga ardhi linavirusha hadi majani ya chini. Matandazo yanavunja kuruka huko. Okota kwanza majani yenye madoa na uyaondoe kabisa bustanini, ndipo ufunike. Ukitandaza juu yake bila kuokota umefunika sehemu tu ya tatizo. Matawi ya waridi uliyopogoa yenye ugonjwa usiyafanye matandazo.

Kuna machipukizi yanatoka chini kabisa, kwenye matandazo. Ni magugu?

Angalia yanakotokea. Kama mche wako ulibebeshwa, yaani waridi moja limeunganishwa juu ya shina la jingine, chipukizi linalotoka chini ya kiungo ni la shina la chini, na likiachwa litalimeza waridi ulilonunua. Fukua hadi linapoanzia, ulivute litoke na kitako chake. Kulikata kwa mkasi kunalipa nguvu ya kurudi mawili. Chini ya kitambaa machipukizi haya yanatembea mbali bila kuonekana, na yanatokea njiani. Kama waridi lako lilitokana na kipande cha tawi, chipukizi ni la kwako, liache.

Nyoka na nge?

Hofu hii ni ya haki, hasa kwa wenye watoto. Nyoka anafuata panya na vyura, nge anatafuta kivuli. Matandazo ya sentimita 7 yaliyokatwakatwa hayampi nyoka mahali pa kujificha kama rundo la mabua au matofali yaliyopangwa ukutani. Acha mita moja wazi kati ya tuta na ukuta wa nyumba. Usiingize mkono mtupu, vaa glavu, inua kwanza kwa uma. Na wakati wa kiangazi nyasi kavu zisikaribie jiko la nje wala mahali pa kuchomea taka.

Kuku wanachakura yote kufikia saa nne asubuhi.

Laza waya wa kuku wenye matundu mapana juu ya matandazo, uubane kwa pini, na majani machache juu kuuficha. Hawapendi kuukanyaga. Matawi ya miiba yaliyolazwa yanafanya kazi pia mpaka utakapohitaji kupalilia mwenyewe.

Kwa nini nisipulize tu dawa ya kuua magugu?

Dawa zenye glaifoseti haziulizi hili gugu au hili waridi. Waridi linaipokea kwa majani na hata kwa gome la kijani la matawi machanga, na upepo kidogo unatosha. Dalili huweza kuonekana msimu unaofuata: majani membamba kama nyuzi, yamejikusanya kama ufagio. Watu huja kuniuliza huo ni ugonjwa gani. Kama unapulizia njiani, fanya hivyo alfajiri isiyo na upepo, weka ubao kati ya bomba na maua, vaa barakoa na glavu. Ndani ya tuta, mkono na jembe dogo.

Kitambaa hiki hakikatazwi na serikali?

Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 ni la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kitambaa cha bustani si mfuko. Kikishachakaa usikichome, wala usikifukie shambani. Kikunje upeleke kwenye taka.

Niko kwenye nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba anaweza kunitoa wakati wowote.

Panda kwenye ndoo kubwa au nusu pipa lenye matundu, na juu ya udongo weka sentimita 3 au 4 za maganda ya karanga. Magugu ya kwenye ndoo ni machache, na utahama nayo.

Niko Kigoma. Majibu haya yananihusu?

Mengi, ndiyo. Kando ya Ziwa Tanganyika hewa ina unyevu zaidi, kwa hiyo doa jeusi litakusumbua kuliko sisi, na matandazo yawe mepesi kidogo, sentimita 5, ili udongo upumue. Una kitu ambacho sisi hatuna: makapi ya michikichi baada ya kukamua mawese. Yarundike yaoze kwanza mpaka mafuta yaishe na harufu ikate, ndipo uyatandaze. Mabichi huita sisimizi na inzi, na yanashikana kuwa ganda.